Upepo Una Rangi Gani

Nilipofika Chennai mwezi Julai 2013 nilijiona mtu ninayeijua India. Nimezaliwa Tanga, mitaa ya Ngamiani, katika nyumba ambayo Jumamosi usiku sebule ilijaa majirani waliokuja kutazama picha ya Kihindi, na kina mama wakifuta machozi kwa ncha za khanga pale mtoto aliyepotea alipotambuliwa kwa kovu lake. Baba alikuwa na kaseti za Juma Bhalo, yule fundi wa Mombasa aliyezivika nyimbo za filamu za Kihindi maneno ya Kiswahili, kwa hiyo masikio yangu yalifika India zamani kabla ya miguu. Usiku wa kwanza hosteli, wenzangu waliponiomba niimbe kitu, nikasimama nikawaimbia wimbo wa Kihindi kutoka mwanzo hadi mwisho. Wakapiga makofi kwa adabu. Kisha mmoja akaniambia taratibu, "Umeimba vizuri, lakini huo si wetu. Hata mimi sikuelewa maneno yake."

Kiswahili chetu kimebana hapo. Neno Kihindi tunalitumia kwa lugha moja ya kaskazini, kisha tunalitumia tena kwa kila kitokacho India: chakula, mavazi, dawa, muziki. Nilikuwa na miaka ishirini na bado nikiamini nchi nzima inaimba kwa ulimi mmoja. Kumbe nimeshukia Tamil Nadu, jimbo la kusini la watu wa Kitamil, ambako mwaka 1965 wanafunzi waliingia barabarani kupinga Kihindi kufanywa lugha pekee ya serikali ya India, na wapo waliokufa kwa ajili ya jambo hilo. Watu wa namna hiyo huwaimbii wimbo wa kaskazini ukadhani umewapa zawadi.

Yule mwenzangu akatoa simu yake, akaitumbukiza ndani ya bilauri ya chuma ili sauti ikue, akaniwekea "Rakkamma Kaiya Thattu". Ni wimbo wa filamu ya Thalapathi ya mwaka 1991, muziki wa Ilaiyaraaja, walioimba ni S. P. Balasubrahmanyam na Swarnalatha. Maana ya jina lake ni "Rakkamma, piga makofi". Fidla zinaanza kwa mbio kama watoto waliofunguliwa mlango wa madrasa, ngoma inaingia, mwanamume anaimba kama mtu mwenye pesa mfukoni. Halafu katikati, bila kupiga hodi, mwendo unabadilika na sauti za wanawake zinapanda polepole na utenzi wa dini wa Appar, mtakatifu wa Kitamil wa karne ya 7. Ni kama mdundiko uko barabarani umepamba moto, kaswida ikakatiza njia, watu wakasimama kwa heshima, na ilipokwisha kupita ngoma ikaendelea palepale ilipoachia. Mwaka 2002 idhaa ya dunia ya BBC iliwaomba wasikilizaji wake wachague wimbo waupendao kuliko zote, na huu ukashika nafasi ya 4. Usiku ule sikuyajua hayo. Nilichojua ni kwamba nacheka peke yangu na macho yamelowa. Niliomba urudiwe. Tuliurudia mara nne, mpaka mlinzi akaja kugonga mlango.

Tangu nirudi nyumbani dada yangu hachoki kuniuliza: unasikilizaje kitu usichokielewa?

Nimelifikiria swali hilo kwa miaka, kwa sababu ni swali la haki. Sisi watu wa pwani tumelelewa kusikiliza maneno. Taarabu ikipigwa, sikio halikai kwenye fidla, linawinda fumbo. Nani kasemwa? Huyo aliyekwenda kutunza, kamtunza mwimbaji au kamtunzia jirani yake aliyekaa safu ya pili? Nimeona harusi mbili zikikaribia kuvunjika kwa sababu ya ubeti mmoja. Ni ufundi mkubwa, na ninaupenda, lakini masikio yake hayapumziki. Nyimbo za Kitamil zilinipa kitu ambacho sikuwa nimewahi kuwa nacho: wimbo ambao sikuwa na haja ya kuuchunga. Hakuna aliyekuwa akinirushia neno, wala sikuwa na wa kumrushia. Sauti ya mwanadamu ikawa sauti tu, kama ilivyokuwa nilipobebwa mgongoni. Mtoto mchanga haelewi anachoimbiwa, lakini anajua kama anapendwa.

Watamil wana maneno kadhaa ya furaha, na mawili niliyajifunza kutoka kwa bibi mwenye nyumba nilikohamia baadaye, aliyeniambia nimwite paati, yaani bibi. Sandhosham ndilo la kila siku, nalo wamelipata kutoka Sanskriti. Magizhchi ni la Kitamil chenyewe, na yeye alilipenda zaidi; alilitamka akibana macho kama anayeonja chumvi ya mchuzi. Nilimweleza kwamba furaha na raha zetu zimetoka Uarabuni. Akasema basi na ninyi mmepokea wageni.

Januari 2015 rafiki yangu wa hosteli alinichukua kwao kwa sikukuu ya mavuno, Pongal. Kwao ni upande wa Theni, chini ya milima ya magharibi, karibu kilomita 500 kutoka Chennai. Tulipanda basi la usiku kituo cha Koyambedu. Dereva alining'iniza shada la asumini juu ya kioo, akawasha muziki kabla hata ya taa, na usiku kucha hakupiga kitu kingine zaidi ya Ilaiyaraaja. Niliuliza kama ana kanda moja tu. Rafiki yangu akaniambia madereva wa usiku wengi ndivyo walivyo. Nyimbo za huyu mzee haziwaachi walale, na abiria haziwazuii kulala. Nilikuja kuthibitisha mwenyewe kwenye safari nyingine nyingi kwamba hakusema uongo.

Ilaiyaraaja kwao ni hukohuko tulikokuwa tukienda, kijiji cha Pannaipuram, alikozaliwa mwaka 1943. Kaka yake, Pavalar Varadarajan, alikuwa na kikundi cha muziki kilichozunguka vijijini kikiimba kwenye mikutano ya chama cha kikomunisti, na mdogo mtu akafuatana nao akijifunza kwa kupiga. Baadaye wakahamia Madras, kama Chennai ilivyoitwa wakati huo, na huko akasoma kwa mwalimu aliyejulikana kama Dhanraj Master, aliyemfungulia mlango wa muziki wa Ulaya. Filamu yake ya kwanza, Annakili, ilitoka mwaka 1976. Tangu hapo amefanya filamu zaidi ya 1,000. Nilipoisikia hesabu hiyo mara ya kwanza nilidhani mtu amekosea sifuri.

Saa nane za usiku, watu wote wamelala, ukaja wimbo nilioupenda mno, "Chinna Thayaval", sauti ya S. Janaki. Nao ni wa Thalapathi. Kwa mwaka mzima nilikuwa nikiuweka kila usiku kabla ya kulala, kwa sababu ni mwororo, unapanda na kushuka kama mtu anayepembeza. Nikamwambia rafiki yangu, huu wimbo ndio furaha yangu, ndio unaonilaza. Akakaa kimya kidogo. Akaniuliza kama naijua hadithi yake. Akanisimulia: binti wa miaka 14 amejifungua mtoto siku ya Bhogi, siku ile kabla ya Pongal ambapo watu huchoma vitu vikuukuu, hana pa kwenda, anamlaza mtoto ndani ya behewa la treni ya mizigo, na treni inaondoka. Maneno ya mwanzo yanamwita mtoto mwana wa mfalme aliyeletwa na mama mdogo, ua dogo la waridi lililochanua kwenye miiba. Kisha akaongeza kwamba mama yake Ilaiyaraaja mwenyewe aliitwa Chinnathayammal, na mwanzo wa wimbo unafanana na jina hilo.

Kulikucha siku ya Bhogi yenyewe. Tulipoingia vijijini, mbele ya kila mlango palikuwa na moto mdogo wa mikeka mikuukuu na vikapu vilivyotoboka, moshi umelala chini juu ya mashamba ya migomba. Nilidhani ule wimbo sasa umeharibika kwangu. Haukuharibika. Niliuweka tena usiku ule, nikiwa nimelala barazani kwa watu wakarimu nisiowajua, na ulinilaza kama zamani, ila sasa nililala na yule binti na yule mtoto ndani. Kesho yake chungu cha wali mpya kilipofurika, sote tukapiga ukelele "Pongalo Pongal!", na mimi nikapiga kigelegele cha kwetu, na watoto wakanifuata siku nzima wakitaka niwafundishe ulimi unavyokwenda.

Nisiyaache haya ya ufundi, maana ndiyo ninayoyapenda kuliko yote. Wimbo wa filamu wa Kitamil huanza na pallavi, kile tunachokiita kiitikio, kisha huja charanam, beti zake, na kati yake ala hubaki peke yake. Watunzi wengi duniani hapo hujaza nafasi tu mpaka mwimbaji avute pumzi. Ilaiyaraaja hapo ndipo anapojenga nyumba. Kipande cha ala kabla ya ubeti wa kwanza na kile cha kabla ya ubeti wa pili aghalabu ni viwili tofauti kabisa: hiki cha filimbi na fidla, kile cha gita na zumari, na bado vyote viwili vinarudi mlango uleule wa kiitikio kana kwamba hapakuwa na njia nyingine. Aliandika kila noti ya kila ala kwa mkono wake, kwa kasi ambayo wapigaji wa Chennai huizungumzia mpaka leo. Furaha yangu kubwa imo kwenye zile sekunde thelathini ambazo hakuna anayeimba. Nikiulizwa raha ninayoipata kwenye sala ya alfajiri inafanana na nini, nitasema inafanana na ukimya wa maneno ndani ya "Ilaya Nila", gita linapotembea peke yake.

Jambo jingine lililonigusa nililigundua polepole. Sauti zilizobeba muziki huu, nyingi zilitoka nje ya Kitamil. S. P. Balasubrahmanyam, ambaye kila mtu humwita SPB, lugha ya mama yake ni Kitelugu. S. Janaki pia, na P. Susheela. Yesudas na Chithra ni Wamalayali, watu wa Kerala, jimbo jirani. M. S. Viswanathan, mtunzi aliyetawala kabla ya Ilaiyaraaja, alizaliwa Palakkad, Kerala. SPB alikuwa kijana anayesomea uhandisi alipoanza kuitwa studio, na alipochaguliwa kumwimbia MGR, nyota wa filamu mkubwa kuliko wote, katika filamu ya Adimai Penn ya mwaka 1969, akaugua homa ya matumbo. MGR angeweza kumwita mwingine. Alisubiri mpaka kijana apone, na "Aayiram Nilave Vaa" ikamtoa. Nilipokuwa nikijifunza kutamka ile "zh" ya Kitamil, herufi ambayo ulimi lazima ukunjwe nyuma kama unatafuta punje ya wali kwenye kaakaa, nilijipa moyo kwa kumkumbuka yeye. Aliingia kwenye lugha ya watu kwa mapenzi na kwa kazi, nao wakampa sauti zao azibebe.

Mtunzi mwingine, A. R. Rahman, naye ninampenda, ingawa mapenzi yangu kwake yalikuja nyuma. Alifiwa na baba yake akiwa na miaka tisa, akaanza mapema kupiga kinanda studio ili nyumbani wapate kula. Roja, filamu yake ya kwanza ya mwaka 1992, ina "Chinna Chinna Aasai", maana yake matamanio madogo madogo, ambapo msichana wa kijijini anahesabu anavyovitaka: kuugusa mwezi na kuubusu, dunia imzunguke yeye. Mama yangu aliposikia Rahman alisimama mbele ya ulimwengu mzima mwaka 2009, tuzo za Oscar mkononi, akasema kwa Kitamil "ella pugazhum iraivanukke", sifa zote ni za Mungu, alisema, "Basi huyo ni wetu."

Sasa niseme la gharika.

Tulikuwa tumepanga nyumba ya ghorofa mbili Mudichur, nje kidogo ya Tambaram, na paati aliishi chini. Novemba 2015 mvua za kaskazi za huko zilikuwa zimeshatulowesha mara moja. Tarehe 1 Desemba zikarudi, na ndani ya saa 24 ikashuka karibu nusu mita ya maji upande wetu. Uwanja wa ndege ukafungwa, umeme ukakatika, simu zikafa. Jioni maji yalikuwa kiunoni chumbani kwa paati. Tulimbeba pamoja na kiti chake hadi juu ya paa la zege, tukafunga turubai kwenye nguzo za tangi la maji, na humo chini yake tukawa watu kumi na tisa, kutoka nyumba nne. Giza lilikuwa zito kiasi kwamba niliwajua watu kwa kukohoa. Chini tulisikia vitu vikigongana: mitungi, milango, pikipiki ya mtu.

Mtoto mmoja alianza kulia, akafuatwa na mwingine. Mama zao walijaribu kila kitu. Ndipo paati akaanza kuimba, polepole, sauti kama karatasi. Ulikuwa "Aalayamaniyin Osai", ulioimbwa na Susheela katika filamu ya Paalum Pazhamum ya mwaka 1961, wakati paati mwenyewe akiwa msichana. Unasema: nimeisikia sauti ya kengele ya hekalu. Mmoja wa watunzi wake wawili, Viswanathan, alikuwa amefariki Julai ya mwaka huohuo, na siku ile paati hakupika. Usiku ule hakuna hekalu lililolia kengele, yote yalikuwa majini. Ubeti wa pili wanawake wawili wakaingia. Kufika wimbo wa tatu wanaume wakaingia pia, na mvulana mmoja akageuza ndoo akaipiga kuthu, ule mdundo wa mitaani wa Chennai usiomwacha mtu akae, na wale watoto waliokuwa wakilia wakacheza gizani tukawa tunawajua kwa vishindo vya miguu yao kwenye maji.

Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na ninasema hivyo nikijua nyumba ngapi zilipotea na watu wangapi walikufa wiki ile. Nililisema kwa paati siku nyingine kwa aibu. Hakunikemea.

Ilipofika zamu yangu waliniita, "Thambi, imba ya kwenu." Thambi ni mdogo wangu. Nilipekua kichwani, na kilichokuja ni ule wimbo wa kubembelezea mtoto ambao mama alituimbia sote. Niliuimba wote, kwa Kiswahili, na hakuna aliyeelewa neno. Nilipomaliza palikuwa kimya, mvua tu. Paati akauliza, "Thaalaattu, siyo?" Wimbo wa kupembeza mtoto, siyo? Nikamwambia ndiyo, paati. Akasema, "Imba tena, huyu bado hajalala."

Kuna wimbo mwingine ambao tangu usiku ule sijaweza kuusikiliza nikiwa nafanya kazi, lazima nikae. Ni wa filamu ya Avatharam ya mwaka 1995. Msichana kipofu anajifunza rangi kutoka kwa kijana anayempenda. Ilaiyaraaja ameuimba mwenyewe, na sauti yake si ya mwimbaji, ni ya mtu wa shambani anayejiongelesha njiani, S. Janaki anamjibu. Unauliza: upepo unapokuja kukugusa, rangi gani inaingia moyoni? Mimi nilikuwa yule msichana. Nilifika kwenye muziki huu bila macho, nikaugusa kwa ngozi, na kila niliyekutana naye, rafiki wa basi, dereva, paati, alinipa rangi moja. Baadhi ya rangi zilikuwa nyeusi. Nilizichukua zote.

SPB alifariki tarehe 25 Septemba 2020, baada ya wiki nyingi hospitalini akiugua Covid. Nilikuwa nimesharudi, nafanya kazi duka la dawa Unguja. Nilimpigia paati simu. Hatukuongea sana. Aliiweka simu karibu na redio, na tukasikiliza pamoja, yeye Mudichur na mimi Mwanakwerekwe, mpaka salio likaisha.

Mwaka 2023 chuo cha IIT Madras kilifungua tawi Zanzibar, huko Bweleo, na tangu hapo Kitamil nakisikia mara mojamoja sokoni na kwenye daladala. Mwezi uliopita aliingia dukani kijana mmoja, mwembamba, anakohoa, ameshika karatasi ya daktari. Wakati namtafutia dawa simu yake ikalia, na mlio wake ulikuwa lile gita la mwanzo la "Ilaya Nila". Aliikata haraka akaomba radhi kwa Kiingereza. Nilimwambia kwa Kitamil, iache ilie. Akanitazama mimi, akatazama kanzu yangu na kofia yangu, akatazama nyuma yake kama kuna mtu mwingine aliyesema. "Anna?" akauliza. Kaka?

Miaka ile nilikuwa thambi. Nilisimama na chupa ya dawa mkononi, nikaanza gita kwa mdomo, na yeye akalidaka noti ya tatu, na watu wanne waliokuwa kwenye foleni wakasubiri mpaka tulipofika pale sauti inapoingia.